Usiunyanyue Huo Mkono, Demetria

Segerea, Dar es Salaam
19 Januari 2025

Dada yangu Anjelina,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Nakusalimu kutoka kwenye joto linaloyeyusha mafuta ya kupikia, huku nikijua huko monasterini Lushoto mnavaa masweta. Natumaini masista wote hawajambo na mguu wa Mama Mkuu umepona.

Sie tupo. Wilbert bado yuko ofisi ya kata, anagonga mihuri na kulalamika. Loveness ameingia kidato cha nne, amenizidi urefu, anavaa viatu vyangu bila kuomba. Yule jirani yangu Somoe, mwenyeji wa pwani niliyekuandikia habari zake, amemwoza binti yake mwezi uliopita. Ngoma siku tatu. Mimi sikwenda. Aliponiuliza, nikasema malaria.

Haikuwa malaria. Barua hii nimeianza mara tatu, sasa naiandika bila kupumzika nisije nikaichana tena. Mwezi wa kumi na moja nilifanyiwa upasuaji. Ni saratani. Ziwa la kushoto wameliondoa lote. Sikukwambia kwa sababu jambo nikishakuandikia wewe huwa linakuwa kweli.

Sasa nimeanza dripu za dawa, nane kwa jumla, moja kila wiki tatu. Ya pili nimewekewa juzi. Nywele zimekwisha. Shuleni wamenipa likizo ya ugonjwa.

Pale hospitali kuna mtaalamu wa viungo, kijana mpole anaitwa Fredrick. Amenipa mazoezi. Nisimame mbele ya ukuta, vidole vya mkono wa kushoto vipande taratibu kama mjusi, kila siku juu kidogo kuliko jana. Nizungushe mabega. Halafu nitembee asubuhi, dakika kumi, nikizoea niongeze. Nikamwambia, "Nachoka hata kupiga mswaki, nitembee kwenda wapi?" Akanijibu, "Ndiyo maana nakwambia utembee, mwalimu. Uchovu wa hizi dawa hauishi kwa kulala tu." Akiniuliza kama nafanya, namwambia nafanya.

Sifanyi, dada. Naogopa. Kwapani kumetokea kitu kama kamba, nyembamba na ngumu, inashuka mpaka karibu na kiwiko. Nikinyoosha mkono inakaza, inaonekana chini ya ngozi. Sijamwonyesha mtu. Nahisi ugonjwa umerudi na sasa unatafuta pa kupita. Nikiulaza mkono tumboni, nayo inatulia.

Niambie nifanye nini. Wewe ndiye uliyemuuguza Mama, unawajua wagonjwa.

Mdogo wako,
Demetria


Monasterini, Lushoto
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Demetria,

Milele, amina. Na marahaba. Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako, kwa shemeji Wilbert na kwa Loveness, ambaye naomba umwambie viatu vya mama yake avivae kwa ruhusa.

Hapa tunaendelea. Mvua imekuwa nyingi, kabichi zimeoza shambani. Sista Clara alisinzia zamu yake ya kuoka hostia za misa, sinia zima likaungua, akalia kama mtoto. Mama Mkuu anatembea sasa bila fimbo.

Barua yako nilipewa Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kukaa kanisani, lakini sitasema kwamba nilisali.

Usiunyanyue huo mkono, Demetria. Uache upumzike. Vijana wa siku hizi wanasoma vitabu, wanadhani mwili ni mashine ya kulainishwa. Kitu kilichotulia usikitikise. Lala, kula, omba. Mimi nakuombea katika kila kipindi cha sala.

Naomba unijibu mambo machache, nijue nikuombee vipi. Ule uvimbe ulianzaje? Uliuma? Ukiubonyeza, ulikuwa unahama au unakaa palepale? Ngozi ya juu yake ilibadilika? Uliishi nao miezi mingapi kabla ya kwenda hospitali?

Unakumbuka kwamba kuanzia Jumatano ya Majivu, tarehe tano Machi, hatupokei barua wala hatutumi, mpaka Pasaka. Basi uniandikie mapema.

Dada yako katika Kristo,
Anjelina


Segerea, Dar es Salaam
23 Februari 2025

Dada Anjelina,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku wote wazima ukiniondoa mimi. Loveness amefika nafasi ya sita darasani na amekasirika, anasema alistahili ya nne. Wilbert amejifunza kupika wali, siku ya tatu hii haujaungua. Barua hii naituma kwa basi iwahi Kwaresima.

Nilikutii. Zaidi ya wiki nzima sikuunyanyua mkono. Sasa haufiki hata usawa wa bega. Wilbert ndiye anayenifunga vifungo vya gauni, na anafunga akiwa ameangalia pembeni, nami naangalia upande mwingine, tunakuwa kama watu wawili waliokutana kwenye foleni.

Aliyekuja kuvunja mambo ni Somoe. Alileta uji, nikaupokea kwa mkono mmoja. Akaniangalia.

"We Demetria, mie nakuletea uji siku zote hizi, mbona huu mkono hauamki?"

"Malaria imeniishia kwenye mifupa."

"Malaria gani inayokata ziwa? Nina macho, mwanangu." Akaweka bakuli chini, akanikumbatia upande usiouma. Kumbe alijua tangu Desemba, alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe.

Kesho yake alinisindikiza hospitali. Nikamwambia Fredrick ukweli wote, nikavua, nikamwonyesha kamba. Akaigusa kwa kidole kutoka juu hadi chini. Akasema, "Hii si saratani, mwalimu. Wengi inawatokea baada ya kupasuliwa kwapa. Inalegea kwa mazoezi yaleyale uliyokuwa unanidanganya kwamba unayafanya." Akamwita daktari, naye akaangalia, akasema hivyohivyo. Nimewasikia. Kuamini ni jambo jingine; mpaka sasa nikinyoosha mkono nafumba macho.

Majibu ya maswali yako. Uvimbe haukuuma. Ulikuwa mdogo, mgumu kama kokwa la zambarau. Nikiubonyeza haukuhama. Baadaye ngozi ya juu yake iliingia ndani kidogo, kama mtu kaivuta kwa uzi. Nilikaa nao miezi mitano, nikijiambia ni maziwa ya zamani.

Sasa na mimi nina swali. Kwenye barua yako uliandika "Mama naye", kisha ukafuta. Umefuta kwa nguvu, lakini nimeielekeza karatasi kwenye dirisha nikaona. Mama naye nini? Mimi nilikuwa bweni, mliniambia tumbo. Mama alikufa kwa nini, Anjelina?

Demetria


Segerea, Dar es Salaam
30 Machi 2025

Dada,

Najua barua hii itakaa kwenye droo ya Mama Mkuu mpaka Pasaka. Naiandika hivyohivyo. Salamu zote za nyumbani zichukulie kwamba nimezitoa.

Dripu ya tano imepita. Nimetapika siku tatu, mdomo umejaa vidonda. Siku ya nne Somoe akagonga. "Vaa viatu." Nikamwambia siwezi. "Sijakuuliza kama unaweza. Nimesema vaa viatu."

Tumekuwa tukitembea hivyo tangu mwanzo wa mwezi, jua likiwa bado halijakaza, kutoka kwa fundi pikipiki kwenda upande wa gerezani kwa sababu barabara ile ina mashimo machache. Napima kwa nguzo za umeme. Siku ya kwanza niliishia nguzo ya pili, moyo ukanienda mbio, masikio yakaziba, nikashika nguzo nikijua nakufa hapohapo mbele ya wauza vitumbua. Somoe akanifunulia mwavuli, akasimama. Watu wakauliza mwalimu ana nini. "Kaambiwa na daktari apunguze mwili," akawajibu, mimi niliyebaki mifupa. Nilicheka nikalia. Baada ya hapo tukarudi, na siku ile ndiyo ya kwanza tangu nianze dawa nilipokula nikashiba.

Kuna siku siendi. Fredrick kaniambia nikiwa na homa nisitoke kabisa, nikipata kizunguzungu nikae chini. Lakini vidole vyangu ukutani vimefika juu ya swichi ya taa. Kamba inavuta, inauma, inalegea. Kila asubuhi kabla sijaanza naogopa upya, kana kwamba jana sikufanya.

Sasa sababu ya barua. Jumanne tulifika nguzo ya tano, nikasimama ghafla. Somoe akadhani nimeishiwa pumzi. Nilikuwa nimekumbuka maswali yako. Dada, mtu anayetaka kumwombea mgonjwa haulizi kama uvimbe unahama au hauhami. Anayeuliza hivyo ana kidole juu ya uvimbe.

Nilirudi nyumbani nikapiga simu ya lango la monasteri. Sista wa mapokezi akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikasema hapana. "Basi ni baada ya Pasaka, dada yangu." Ningemwambia nini? Kwamba dada yangu aliniuliza swali? Nikakata simu, nikakaa nayo mkononi mpaka Wilbert akaja kuichukua.

Niandikie siku ileile mtakayofungua. Niandikie kwamba nimekuwa mwehu kwa dawa, nitafurahi.

Demetria


Monasterini, Lushoto
22 Aprili 2025

Demetria wangu,

Bwana amefufuka. Nimepewa barua yako ya Machi leo asubuhi. Ile ya Februari niliipata tarehe tatu Machi, siku mbili kabla ya majivu. Nilikuwa na muda wa kukujibu. Sikujibu. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya Kwaresima, na hilo nitaliungama.

Mama hakufa kwa tumbo. Alifunga mlango tukiwa wawili, akafungua khanga. Ziwa lilikuwa kidonda tayari. Alikuwa amekificha mwaka mzima kwa vitambaa. Nilimwosha kwa maji ya chumvi kila jioni na harufu ile siwezi kuiandika. Akaniapisha: "Demetria asijue, ana mitihani." Mitihani yako ikaisha, sikukwambia. Ukaolewa, sikukwambia. Ukamzaa Loveness, nikasema mtoto bado mchanga. Kama ningesema, labda wewe usingekaa miezi mitano ukijiambia ni maziwa. Hilo nalibeba mimi, usinipunguzie.

Siku moja alitoka kwenda kupalilia migomba, akisema amechoka kulala. Wiki iliyofuata mkono ukavimba ukawa kama wa mtu mwingine, na baada ya mwezi tukamzika. Mimi na Baba tukasema jembe ndilo lililomuua. Ilikuwa rahisi kulilaumu jembe. Ndiyo maana nilikuandikia usiunyanyue mkono. Nilikuwa na hofu tu, nikakupa kama ushauri, nawe karibu ulemae kwa kunitii. Nisamehe.

Kuhusu kidole changu, hujakuwa mwehu. Ni upande wa kulia. Nimekuwa nao tangu Agosti. Hauumi, hauhami. Ngozi ilianza kuingia ndani wakati wa Noeli. Nikivaa naangalia ukuta.

Sijamwambia mtu. Utaniuliza kwa nini, na mimi nimejiuliza. Miaka ishirini na sita hakuna aliyeniona hata nywele, naogopa kuvuliwa mbele ya wanaume. Hiyo ni sababu nzuri ya kuwaambia watu. Lakini iko nyingine. Kila siku, miaka ishirini na sita, nimesema "mapenzi yako yatimizwe". Sasa naogopa jibu. Naimba zaburi na wenzangu, sauti inatoka, na ndani nasema, si mimi, si mimi.

Usimwambie mtu. Niachie mpaka Pentekoste, mwezi wa sita, nijiandae.

Anjelina


Segerea, Dar es Salaam
27 Aprili 2025

Anjelina,

Sikuachii.

Barua imefika jana. Leo Jumapili nimempigia Mama Mkuu, nikamwambia kila kitu, uvimbe, Agosti, ngozi. Nimevunja siri yako na wala sijaungama. Unichukie, nitakuwa hai kuona unanichukia, na wewe utakuwa hai kunichukia.

Nilitaka kuja mwenyewe. Dripu ya saba ni Ijumaa, daktari amekataa. Wilbert akasema ataomba ruhusa kazini. Somoe akamkatiza: "Mwanamme akae na sista wa watu kwenye basi, masaa saba? Nitakwenda mie." Atafika Jumatano. Ni mfupi, anavaa buibui jeusi na raba nyeupe, ataongea njia nzima. Usije ukajificha nyuma ya kengele.

Kuhusu Mama siwezi kuandika leo. Nimekasirika mpaka mkono huu mbovu umenyanyuka wenyewe nikapiga meza. Njoo kwanza.

Demetria


Wodini, Dar es Salaam
12 Juni 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika polepole, mkono wa kulia ndio ule wa upande waliopasua, kwa hiyo mwalimu usisahihishe mwandiko. Somoe amesema angenipa simu yake tuongee. Nimekataa, kwenye simu tunalia tu. Ameniambia damu yako imeshuka baada ya dripu ya mwisho na umekatazwa kuja wodini kwenye watu. Kaa hukohuko. Ameniambia pia kwamba Loveness anakupeleka mazoezi uani, naye ni mkali kuliko Somoe. Mshukuru shemeji kwa wali.

Sikukusimulia nilipokuwa kwako mwezi uliopita jinsi nilivyoondoka. Mama Mkuu aliniita ofisini baada ya simu yako. Nilipiga magoti. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Umekaa na hili tangu Agosti, na kila siku tunakula meza moja?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani akalia. Sijawahi kumwona akilia. Kisha akaenda mwenyewe kunipakia nguo, na Somoe alipofika langoni, yule mama wa watu ambaye hajawahi kuingia kanisani, Mama Mkuu akamshika mikono yote miwili akamwambia, "Nakukabidhi dada yangu." Somoe akajibu, "Nimempokea, inshallah." Njia nzima aliongea kama ulivyosema. Mimi nilikuwa nimeshika kifua changu chini ya joho, na kila basi lilipopunguza mwendo nilitamani kushuka nikimbie.

Tangu wanipasue ni wiki mbili leo. Maji kwenye kidonda hayajakauka, ndiyo maana hawajaniruhusu. Fredrick wako amekuwa akija kila siku. Mwanzoni nilimwomba waje wauguzi wanawake, akamleta mmoja, yeye akasimama nyuma ya pazia akielekeza kwa mdomo. Lakini mazoezi sikufanya. Nilishuka kitandani kwa ajili ya choo tu. Alipotoka nililaza mkono tumboni na kuona migomba ya nyumbani Kamachumu, na Mama anatoka na jembe begani. Nilijua tayari kwamba si jembe. Nimekuandikia mwenyewe kwamba si jembe. Mwili wangu haujui kusoma.

Leo asubuhi daktari ameleta majibu, nataka uyapate kwangu na si kwa mtu mwingine. Katika kwapa walitoa tezi kumi na moja. Tatu zina ugonjwa. Nitawekewa dripu kama wewe, halafu mionzi. Nikamwuliza, "Nitapona?" Ni mama wa makamo, ana uso wa mtu aliyekesha. Akavuta kiti akakaa. "Sista, bado sijui. Nikijua nitakwambia." Alipoondoka nilianza sala yangu ya kila siku, nikafika kwenye "mapenzi yako", nikaishia hapo. Sikuweza kuendelea. Demetria, nimeogopa leo kuliko siku zote, kuliko siku ile Mama alipofungua khanga.

Saa nne Fredrick akaja. Akaniona, nadhani alikwisha kuambiwa.

"Sista, tushuke."

"Naogopa, mwanangu. Acha leo."

Nilidhani ataniambia nisiogope, kama wanavyosema wote. Akasogeza ndala zangu karibu na kitanda. "Haya," akasema, "shuka ukiwa unaogopa."

Nikashuka. Muuguzi alinishika upande wa kushoto. Wanawake wote wa wodi walikuwa wananitazama, mmoja akaanza kupiga vigelegele nikamwomba anyamaze, nilikuwa nahitaji masikio yangu. Tulifika kitanda cha nne. Nikapumzika nimeshika chuma, tukarudi. Kisha akaniambia niweke vidole ukutani. Niliviweka. Vilipanda kidogo, labda kama urefu wa kiganja, na kitu kikavuta kwapani nikapiga kelele. Hakuna kilichopasuka.

Nimelala sasa, nakuandikia. Kesho anataka tufike mlangoni.

Dada yako,
Anjelina